Watu wa tamthilia, mwanangu si kafara la mtu!

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite.

Kuna tamthilia inarushwa usiku, jina nalihifadhi ila wengi mnaijua. Humo kuna mtoto wa kiume haongei, anazunguka zunguka, mlango ukigongwa anaziba masikio. Mara ya kwanza nilimwita mke wangu atoke jikoni aje aone, kwa sababu wa kwetu ana usonji na hatujawahi kuona mtoto kama yeye kwenye TV ya Kiswahili. Tukawa hatukosi hata siku moja. Kumbe baba wa yule mtoto ni tajiri wa mabasi, mganga alimpa achague mali au akili ya mwanawe, akachagua mali. Na juzi wamemalizia: mchungaji kamshika kichwa, mtoto katetemeka, kadondoka, kaamka anaongea kama mtangazaji wa mpira. Vinanda, machozi, mwisho.

Sasa mimi naishi Igombe, huku Mwanza ziwani. Nina mitumbwi ya dagaa, na mwaka huu nimenunua mashine mpya kwa mkopo ambao marejesho yake yananitoa jasho kila wiki. Jirani yetu, mtu tunayeombana chumvi, kaja uani.

"Shem, hivi ile mashine uliinunua lini vile?"

Nikamwambia. Akamwangalia mtoto, akaniangalia na mimi.

"Ahaa."

Tangu hapo wanawe hawaji tena kucheza kwetu, na mke wangu akifika bombani maongezi yanakatika.

Najua mtasema "mkuu, hiyo ni burudani tu". Burudani Kanda ya Ziwa? Hapa hapa watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mtu kaaminishwa kwamba vinavuta samaki na dhahabu. Bibi zetu huku Usukumani wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Halafu mtu anakaa kwenye kiyoyozi anaandika kwamba mtoto asiyeongea ameuzwa na baba yake! Na anarusha saa ambayo kila kibanda umiza kimejaa!

Usonji ni jinsi ubongo ulivyojengeka tangu utotoni, na sehemu kubwa ni mambo ya kurithi. Hautokani na chanjo, wala mganga, wala laana. Hakuna dawa wala mafuta ya upako ya kuuondoa. Mtoto anasaidiwa kuwasiliana, kusoma, kujitegemea, na kadiri mnavyoanza mapema ndivyo inavyokuwa nafuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Pigeni hesabu ya mtaa wenu, halafu mniambie hao watoto mnawaona wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa na hadithi nzuri mkononi wakaitupa. Wangu hasemi "naomba maji". Akishikwa na kiu anasimama mlango wa jikoni anatoa tangazo la soda lote, mpaka ile "tsssss" ya kizibo. Akichoshwa na wageni anawaambia "hadi hapo hatuna la ziada" kwa sauti ya msoma habari, na wageni hawajui kama wacheke au waage. Ukikaa naye kidogo unamwelewa vizuri tu. Mchana yuko kwenye kichanja cha dagaa anafukuza yangeyange, na hiyo kazi anaifanya kwa umakini kuliko vijana ninaowalipa. Hivi hapo mwandishi anakosa nini cha kuandika?

Na msiniletee ule upande wa pili. Wazungu nao, tangu ile filamu ya Rain Man ya 1988, wamewajaza watu imani kwamba kila mwenye usonji ni kompyuta. Shemeji yangu wa Dar kila akipiga simu: "Kipaji chake mmeshakigundua?" Shemeji, mtoto anapenda dagaa wa kukaanga na hataki mchuzi uguse ugali wake. Ndiyo hivyo tu!

Kufanya vizuri kunawezekana. Mwaka 2017 Sesame Street, kipindi cha watoto cha TV ya Marekani, ilimleta Julia, mdoli wa miaka minne mwenye usonji, na mama anayemchezesha, Stacey Gordon, ana mtoto mwenye usonji nyumbani kwake. Big Bird, yule mdoli ndege mkubwa wa njano, anamsalimia, Julia haitikii, Big Bird anadhani hapendwi. Wenzake wanamweleza alivyo Julia, michezo inaendelea. Hakuna mchungaji, hakuna mganga, na mwisho wa kipindi Julia ni yule yule.

Niliwaandikia hawa wetu kwenye ukurasa wao nikawaeleza yote haya. Jibu: mikono miwili ya kusali na "barikiwa sana, endelea kutufuatilia".

Wanasema msimu wa pili unakuja. Nani humu ameshawahi kupeleka malalamiko Kamati ya Maudhui ya TCRA, ile Mamlaka ya Mawasiliano? Inatosha barua, au unatakiwa na video ya kipande chenyewe? Mzazi mwenzangu mwenye mtoto kama wangu aliyeko Mwanza, Geita au Musoma anicheki PM, nataka tusaini wengi.