Kuboresha kimeng'enya: nipige bakteria mionzi au nibadilishe jeni peke yake?

Chebet_Njoro
Habari zenu. Nina bakteria kutoka chemchemi za maji moto za Ziwa Bogoria. Kimeng'enya chake, amilesi, inavunja wanga vizuri kwa nyuzi 60, lakini nikifika 80 inaharibika upesi. Nataka istahimili. Nitumie mionzi ya urujuanimno ama nichezee jeni tu?

Omolo_Kisumu
Dada Chebet, achana na mionzi. Inapiga jenomu nzima, mamilioni ya herufi, na wewe shida yako ni jeni moja ya herufi kama 1,500. Itoe, uifanyie PCR ya makosa, yaani uinakili mara nyingi kwa namna inayoacha makosa: polimerasi ya Taq (kimeng'enya cha kunakili DNA), manganisi kidogo, nyukleotidi (herufi za DNA) zisizo na uwiano. Kisha ipandikize kwenye E. coli, bakteria wa maabara. Manganisi usizidishe, tafadhali! Lenga makosa machache kwa kila jeni. Herufi tatu hutoa amino asidi moja, na protini ya amino asidi 500 ina njia 9,500 za kubadilika mahali pamoja. Mahali pawili kwa mpigo ni zaidi ya milioni 45, na mengi huharibu tu.

Chebet_Njoro
Asante kaka. Kuchagua je? Nilidhani nioteshe kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye wanga, nimwage iodini inayogeuza wanga bluu-nyeusi, nichukue koloni yenye duara kubwa lisilo na rangi hiyo.

Omolo_Kisumu
Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiotesha juu ya wanga, hata kimeng'enya cha kawaida kitakuwa kimeshaula kabla hujapasha joto, na duara kubwa litakuonyesha anayetoa kingi, si anayestahimili. Otesha bila wanga. Nakili koloni kwenye karatasi ya kuchujia, ipashe nyuzi 80 ikiwa na unyevu mpaka amilesi ya asili ife, ndipo uilaze juu ya agari ya wanga kwa nyuzi 60. Ukimwaga iodini, bluu-nyeusi itatanda kote isipokuwa chini ya walionusurika. Sahani mama iweke kando, maana hao utawahitaji hai.

Mwalimu_Kakamega
Naunga mkono. Frances Arnold, aliyepata nusu ya Nobeli ya Kemia 2018, alichukua subtilisini E, kimeng'enya kinachovunja protini, akarudia kubadilisha na kuchagua duru baada ya duru, na mwaka 1993 ikawa na nguvu mara 256 ya ile ya asili ndani ya kiyeyusho cha dimethilifomamidi asilimia 60. Kwa hiyo washindi wa duru ya kwanza ndio mbegu ya duru ya pili.

Ila Chebet, amilesi nyingi hushikiliwa na kalisi. Pima kwanza amilesi yako ya asili kwa nyuzi 80 ukiwa umeongeza kalisi, kisha bila. Na kiasi cha kalisi utakachochagua kisibadilike katika duru zote.