Vichupo (tabs) vinajaa kwenye mashine za saiba, naomba ushauri

Mwenye Saiba: Wadau, habari za jioni. Nina saiba Kawangware, mashine sita za RAM GB 4, zote zinatumia Chrome. Mteja akibofya kiungo chochote kinafunguka kichupo kipya. Ikifika saa nane mchana mashine moja ina vichupo ishirini na kitu, imekwama, na anayekaa baadaye anakuta akaunti ya kodi ya mwenzake kwenye iTax bado iko wazi. Hii tabia ya Chrome nizime wapi?

Kibodi Safi: Chrome haina swichi ya hiyo. Firefox inayo. Andika about:config kwenye sehemu ya anwani, kubali onyo, tafuta browser.link.open_newwindow. Utakuta 3, yaani kichupo kipya. Weka 1, kiungo kitafunguka palepale. 2 ni dirisha jipya, hiyo itakuongezea shida.

Mama Waya: Mwanangu, akaunti zilizoachwa wazi ndizo shida, RAM ije baadaye. Kila mteja mfungulie hali ya mgeni ya Chrome (Guest). Akiondoka funga madirisha yote ya mgeni, historia na vidakuzi vinafutika. Mtu amekuamini na nywila yake ya KRA, mamlaka ya kodi, mlinde.

Mwenye Saiba: Asante mama, hali ya mgeni nitaiangalia. Firefox hapana, wateja wamezoea Chrome.

Msimbo254: Chrome haifungui kichupo kwa hiari yake. Ama ukurasa wenyewe umeagiza, ama mtu ameshika Ctrl akibofya, ama amebonyeza gurudumu la kipanya. Wateja wanabofya kwenye ukurasa gani?

Mwenye Saiba: Kurasa tofauti tofauti tu.

Msimbo254: Taja mmoja.

Mwenye Saiba: Sawa. Ni ukurasa niliouandika mwenyewe, ndio unaotangulia Chrome ikiwashwa. Una viungo saba: eCitizen ya huduma za serikali, iTax, HELB ya mikopo ya wanafunzi na vingine. Na msiniambie vifunguke juu ya ukurasa huo. Mteja akimaliza anafunga kichupo, na kikiwa ndicho cha pekee dirisha lote linafungika, halafu naitwa. Ndiyo maana viungo vyote nimevipa target="huduma", yaani vifunguke kwenye kichupo chenye jina hilo.

Kibodi Safi: Firefox ukiweka 1 hata target hiyo haitasumbua.

Msimbo254: Hapo sikuamini tena, ndugu. Ungekuwa umeandika _blank, ningekuelewa: hiyo hufungua kipya kila mara. Lakini target yenye jina hufungua kichupo kimoja tu, na kila mbofyo unaofuata hurudi kwenye kichupo hichohicho. Vichupo ishirini haviwezi kutoka hapo. Naona uzi huu umetungwa ili watu wabishane.

Mama Waya: Hata mimi nimeanza kushuku. Alificha kwamba ukurasa ni wake.

Mwenye Saiba: Sijatunga kitu. Mstari wenyewe ndio huu, haujaguswa:

<a href="https://itax.kra.go.ke" target="huduma" rel="noopener">iTax</a>

Msimbo254: Naomba radhi. Kosa liko mwishoni, kwenye rel="noopener". Neno hilo hukata uhusiano kati ya ukurasa wako na kichupo kinachofunguka, na uhusiano ukikatika, jina "huduma" halitafutwi tena. Kivinjari hulichukulia kama _blank. Kila mbofyo, kichupo kipya.

Mwenye Saiba: Lakini nilisoma kwamba ni ya usalama. Kwa nini niitoe?

Msimbo254: Ni ya usalama kweli. Bila hiyo, ukurasa uliofunguliwa unaweza kutumia window.opener, yaani uhusiano huohuo, kuupeleka ukurasa wako kwenye anwani nyingine, mteja akirudi akute fomu bandia inayofanana na ya kwako. Kwa _blank huhitaji kuiandika tena, Chrome inaiweka yenyewe tangu toleo la 88 la mwaka 2021. Kwa target yenye jina haiwekwi. Ukiitoa utapata kichupo kimoja, lakini mlango huo umeuacha wazi, na mteja anaweza kufuata viungo kutoka tovuti unayoiamini hadi usiyoijua.

Mama Waya: Basi asiitoe.

Mwenye Saiba: Nimeshaitoa, nimejaribu mashine moja. Viungo vitano vinaingia kichupo kimoja vizuri. Viwili bado vinaleta kipya kila vikibofywa.

Msimbo254: Tovuti hizo mbili huenda zinakata uhusiano zenyewe. Fungua mojawapo, bonyeza F12, chagua Network, pakia ukurasa upya, bofya mstari wa kwanza, kisha tafuta Cross-Origin-Opener-Policy kwenye vichwa vya majibu (Response Headers). Ukikuta same-origin, jina hufutika ukurasa ukifunguka, na huna la kubadilisha upande wako. Vipe vyote saba _self, yaani vifunguke kwenye kichupo kilekile cha ukurasa wako. Kisha kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya mwonekano, washa kitufe cha ukurasa wa mwanzo, weka anwani ya ukurasa wako. Alt na Home itamrudisha mteja humo humo kwenye kichupo chake.

Mwenye Saiba: Nimekuta same-origin kwa zote mbili. Hizo nazipa _self na nitabandika karatasi ya Alt+Home juu ya kila skrini. Zile tano zinabaki "huduma", ni tovuti za serikali.

Mama Waya: Na hali ya mgeni?

Mwenye Saiba: Kesho asubuhi, mama, kabla sijafungua mlango.