Kadri ninavyozidi kuomba ndivyo ninavyojiona mchafu, hii ni imani inakufa au?

Nuru_Ndogo:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina swali nimelibeba muda sasa na naona aibu kumuuliza mtu ana kwa ana. Nimeokoka mwaka wa 9 huu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na raha sana, niliacha pombe, niliacha mahusiano yasiyofaa, nikawa naitwa kutoa ushuhuda na kweli nilikuwa nimebadilika. Sasa hivi hayo makubwa hayapo ila naona vitu ambavyo zamani sikujua hata kama ninavyo, mfano juzi kuna dada tunaomba naye kwenye kikundi, kaomba maombi mazuri mpaka watu wakalia, mimi badala ya kuitikia amina nikaanza kutafuta kasoro zake moyoni, na zamu yangu ilipofika nikaomba kwa sauti kubwa na mistari mingi ili nimpite. Nilijua kabisa ninachofanya. Nimefika nyumbani sikulala. Yaani mpaka maombi yangu yana dhambi ndani yake?? Nikitubu leo, kesho naona kingine kilikuwa kimejificha chini ya kile cha jana. Swali langu, mtu anayekua kiroho si alitakiwa kila mwaka ajione msafi zaidi? Au nimerudi nyuma bila kujijua? Na wanaosema kujijua dhambi kunakuongezea imani, kunaiongezaje wakati yangu naona inapungua?

mjoli_mwenzenu:
Amina dada. Hujarudi nyuma. Ungekuwa umerudi nyuma ungelala usingizi mzuri siku ile na kesho yake ungemsema yule dada kwa watu.

Soma Isaya sura ya 5 halafu uunganishe na ya 6 bila kusimama. Sura ya 5 nabii anatamka ole mara 6, ole kwa wanaolimbikiza nyumba na mashamba, ole kwa walevi, ole kwa wanaoita uovu wema, na zote ni kweli tupu hakumsingizia mtu. Halafu sura ya 6 anamwona Bwana ameketi katika kiti cha enzi na ole inayofuata ni "ole wangu". Na angalia anachokitaja, midomo! Hasemi macho wala mikono, anataja kile kile anachofanyia kazi ya Mungu, kinywa cha nabii. Kwa hiyo wewe kuona uchafu ndani ya maombi yako si kitu kigeni, Isaya aliuona kwenye unabii wake. Na lile kaa la moto lilimgusa hapo hapo kwenye midomo, kisha huyo huyo ndiye aliyesema "mimi hapa, nitume mimi". Hakuambiwa akae pembeni kwanza mpaka ajisikie msafi.

Paulo naye hivyo hivyo. Kwa Wakorintho anajiita mdogo katika mitume, kwa Waefeso anajiita mdogo kuliko aliye mdogo wa watakatifu wote, kwa Timotheo anasema Kristo alikuja awaokoe wenye dhambi "ambao wa kwanza wao ni mimi". Ukizipanga barua hizo kama wengi wanavyozipanga, kadri umri unavyokwenda ndivyo anavyoshuka. Na hasemi "nilikuwa", anasema "ni mimi".

Kisima:
Nakubaliana na mjoli ila naomba niweke breki kidogo hapo, maana mimi hii njia ilitaka kuniua. Miaka 2 nilikuwa na daftari la dhambi zangu, kila usiku naandika, nikisahau moja naamka kuiandika, na kila mtu akiniona mnyenyekevu kumbe nilikuwa nawaza habari zangu kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mtu anayejiwaza siku nzima kwa kujisifu na anayejiwaza siku nzima kwa kujilaani wote wawili hawajamwangalia Yesu siku hiyo. Huo si unyenyekevu, niliuita hivyo kwa sababu sikuwa na jina lingine.

Kilichonifungua macho ni Yuda, yule aliyemsaliti Yesu. Tunamfikiria kama mtu asiyejali, lakini soma Mathayo 27, alijuta, aliungama tena kwa kutaja kosa lenyewe kuwa ameisaliti damu isiyo na hatia, na akarudisha vile vipande 30 vya fedha. Jamani, wangapi kati yetu tunarudisha hela? Ila yote hayo aliyapeleka kwa makuhani nao wakamwambia shauri yako, akaenda akajinyonga. Petro usiku ule ule kamkana Yesu mara 3, na Luka anasema Bwana akageuka akamtazama Petro, naye Petro akatoka nje akalia kwa uchungu. Petro hakutubu vizuri kuliko Yuda, mimi naona hata maneno hakuwa nayo. Tofauti ni nani alikuwa anamtazama. Tena kabla hajakana alishaambiwa "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike", yaani dhambi yake ilikuwa imeshaombewa kabla hajaitenda.

Kwa hiyo dada ukiona dhambi nyingine chini ya ile ya jana, usishuke peke yako kuichimbua. Tubu ile uliyoiona, kwa jina lake, kisha nyanyuka.

Rozari_na_Neno:
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, naomba niongeze kidogo. Sisi tunafundishwa kutafiti dhamiri kabla ya kuungama na faida yake niliyoiona ni kwamba kusema "mimi ni mwenye dhambi" kwa ujumla hakuumi kabisa, kila mtu anasema. Kusema "nilimwonea wivu fulani nikataka kumfunika" hapo ndipo koo linakauka. Na ukishasema hivyo ukasikia umesamehewa, unasamehewa kitu ambacho kipo, si maneno tu. Hapo ndipo imani inapopata chakula kwa maoni yangu. Yule mwanamke aliyelowesha miguu ya Yesu kwa machozi, Yesu alimweleza Simoni, yule Farisayo aliyemwalika chakula, habari ya wadeni wawili, mmoja dinari 500 mwingine 50, wote hawana cha kulipa. Simoni hakuwa na dhambi chache, ila hakuwahi kuzihesabu ndiyo maana hata maji ya miguu hakumpa mgeni wake. Aliyejua deni lake ndiye aliyependa.

Nuru_Ndogo:
Nimesoma nikalia, Mungu awabariki sana. Hiyo ya Petro na Yuda sijawahi kuisikia hivyo. Naona kosa langu lilikuwa kufikiri imani ni kujiamini kwamba nimekuwa mzuri, sasa huo uzuri ukiguswa naona kama imani yote imeondoka. Kumbe iliyokuwa inapungua ni ile ya kujiamini mimi. Ila @Kisima nina swali moja, yule dada nimwombe msamaha? Yeye hajui chochote, naogopa kumtwisha mzigo ambao hakuwa nao.

Kisima:
Kama hajui usimpelekee, hiyo imalize na Bwana, mara nyingi tunaenda kuungama kwa mtu ili atuambie sisi ni wazuri. Kama ulimsema kwa wengine hapo ni tofauti, rudi kwa wale uliowaambia urekebishe. Ila wiki hii mwombee yeye kwa jina kila siku, na mkikutana tena akianza kuomba wewe itikia amina tu.

Nuru_Ndogo:
Kuna mmoja nilimwambia, kwa meseji. Nampigia leo jioni.