Binti yangu wa miaka 14 yuko P4 (darasa la nne) pamoja na mdogo wake. Nimrudishe kwa nguvu?

Mama wa Rubondo

Habari zenu ndugu zangu. Niko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Rubondo. Tulitoka Rutshuru, Kongo, Juni 2022, siku zile Bunagana ilipotekwa. Tukaingilia Kisoro, tukakaa kituo cha mapokezi cha Nyakabande, ndipo wakatuleta huku. Mkubwa wangu, msichana, alikuwa na miaka 11 na yuko darasa la tano. Kule walisoma kwa Kifaransa. Tulipofika alikaa nyumbani mwaka mmoja na nusu, maana niliugua, na mtoto mchanga alikuwa mgongoni kwake, maji alichota yeye, moto aliwasha yeye. Hilo ni kosa langu na linaniuma mpaka leo.

Siku ya kumwandikisha, mwalimu alimwuliza maswali kwa Kiingereza. Hakujibu hata moja. Akawekwa P3. Mwaka huu yuko P4 na ana miaka 14.

Magoti yake hayaingii chini ya dawati, anakaa kiupande. Lakini dawati angevumilia. Kinachomuua ni kwamba mdogo wake wa miaka 10 yuko darasa hilo hilo. Yule alishika Kiingereza upesi kwenye mpira. Muhula uliopita mvulana alikuwa wa 9, dada yake wa 61. Ripoti zote mbili zilifika nyumbani siku moja. Tangu hapo dada akimtuma, anamjibu, "Wewe kwanza soma." Nilimkemea sana, lakini neno likishatoka limetoka.

Wiki iliyopita wageni walikuja kuangalia shule. Mmoja aliingia darasani, akaenda moja kwa moja kumpa binti yangu mkono, akamsalimu akidhani ni mwalimu. Watoto walicheka mpaka wa darasa la pili wakaja kuchungulia dirishani. Tangu siku hiyo haendi. Kuna mama mmoja anamtafutia kazi ya nyumbani Mbarara, na yeye anataka kwenda. Baba yake anasema asilazimishwe, huyu sasa ni msichana mkubwa. Hilo neno "msichana mkubwa" linanitisha kuliko kicheko cha watoto.

Nimrudishe kwa nguvu? Aliyewahi kuwa mkubwa kuliko wote darasani aniambie alivumilia vipi.

Dereva Arua

Mama, pole. Mimi ndiye unayemtafuta.

UPE, elimu ya msingi bure hapa Uganda, ilipoanza 1997, ilikuwa watoto wanne kwa kila nyumba. Kwetu tulikuwa saba. Mimi nilikuwa na miaka 11, nachunga mbuzi, sijawahi kushika kalamu. Baba alikaa chini ya mwembe na karatasi, akaandika wadogo watatu. Alipofika nafasi ya nne alinyamaza muda mrefu, akaandika jina langu. Dada yangu wa miaka 9 hakuandikwa. Baadaye waliruhusu watoto wote, lakini yeye alikuwa ameshazoea jikoni na hakuna aliyemsukuma. Mpaka leo ananiletea simu yake nimsomee ujumbe. Kila mara nakumbuka ile karatasi.

PLE, mtihani wa kumaliza msingi, nilifanya 2003 nikiwa na miaka 17. Asubuhi ya mtihani nilinyoa ndevu kwanza.

Kicheko nilikizoea ndani ya muhula mmoja. Kilichonirudisha nyuma ni kutumwa. "Wewe una nguvu, nenda kachote maji." "Wewe mkubwa, kalime bustani ya mwalimu." Hesabu za sehemu zote za P5 zilipita niko shambani. Muulize binti yako vizuri, bila haraka, kama naye anatumwa. Kwa msichana ni zaidi: atafagia, atapika chai ya walimu, atashika watoto wa P1. Akikuambia ndiyo, nenda ukaongee na mwalimu mkuu wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Na Mbarara asiende. Akishaanza kupokea mshahara, hata mdogo, kumrudisha darasani ni kazi ngumu sana.

Baba Pacha

Mama, mweleze habari za Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Alianza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84! Akakaa na watoto wadogo bila aibu. Miaka 14 ni nini?

Mama wa Rubondo

Asante Baba Pacha, nilimweleza jana usiku. Alisikiliza, akaniambia, "Mama, yule alikuwa babu, hakuna aliyemwambia aolewe." Sikuwa na jibu.

Dereva, nimemuuliza. Anatumwa. Kila Ijumaa anafua vitambaa vya ofisi wakati wenzake wako kwenye somo la sayansi. Mwaka mzima hakuniambia.

Mwalimu wa Kyaka

Mama, nafundisha watoto wa wakimbizi, na mtoto kama wako ninaye kila mwaka.

P4 si darasa rahisi hata kwa mwenyeji. P1 hadi P3 hapa Uganda hufundishwa kwa lugha ya eneo, P4 ndiyo mwaka wa kugeuka kwenda Kiingereza. Kwa hiyo binti yako alikaa P3 akisikia Runyankole asiyoijua, kisha akapelekwa kwenye Kiingereza asichokijua. Kuwa wa 61 katika hali hiyo si ujinga.

Angalia daftari lake la hesabu. Kongo wanagawanya kwa mtindo wa Kifaransa: namba inayogawanya inakaa kulia na jibu linaandikwa chini yake. Hapa inakaa kushoto na jibu liko juu. Desimali wao wanaweka mkato, sisi nukta. Nimeona watoto wakipata jibu sahihi kabisa na kuwekewa kosa kwa sababu mwalimu hakuelewa maandishi yao. Ukikuta hivyo, mwonyeshe mwalimu na umwonyeshe mtoto pia, ajue kwamba alikuwa sahihi.

Jambo kubwa zaidi: ulizia AEP, masomo ya kufidia miaka iliyopotea. Ni kwa wenye umri wa miaka 10 hadi 18. Miaka saba ya msingi imebanwa kuwa mitatu. Ngazi ya kwanza ni P1 mpaka P3, ya pili P4 na P5, ya tatu P6 na P7, na mwisho wanafanya PLE ile ile ya wote. Mwambie mwalimu wa kituo ampime hesabu kwa Kiswahili au Kifaransa kabla ya kumpangia ngazi. Sisitiza hapo. Akiingia ngazi ya pili, anaweza kufanya PLE akiwa na miaka 16.

Lakini si kila zoni ina kituo karibu. Kama ni mbali, tafuta wasichana wengine wa kutembea naye.

Kifungua Mimba

Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilirushwa madarasa mawili, nikafika S1 (kidato cha kwanza) bwenini nikiwa na miaka 10. Nilikojoa kitandani wiki nzima ya kwanza. Aliyenifulia shuka kabla wengine hawajaamka alikuwa msichana wa miaka 17, mkubwa kuliko wote, tuliyemcheka mchana. Sikumtetea hata siku moja. Naomba umwambie binti yako kwamba kuna mmoja kati ya wanaocheka ambaye ana aibu.

Mama wa Rubondo

Nimesoma yote na nimemsomea, mpaka la shuka.

Daftari la hesabu nimelikuta kama Mwalimu alivyosema. Mistari ya kugawanya imesimama kulia, majibu ni sahihi, na alama nyekundu juu yake. Nilimwita mdogo wake akae, dada akamfundisha kugawanya kwa njia ya kwetu. Walibishana, lakini walibishana kuhusu namba.

Kituo kipo, karibu saa moja kwa miguu. Walimpima kwa Kiswahili, wakamweka ngazi ya pili. Mwalimu alipomaliza alimwuliza kama ana swali. Aliuliza moja tu: "Wako wenye umri wangu?" Mwalimu akafungua mlango wa darasa, akamwonyesha. Wawili wamezaa na watoto wao walikuwa mkekani nje.

Baba yake bado hajakubali kwa mdomo, ila ndiye aliyetafuta jirani mwenye binti anayesoma huko. Wataondoka pamoja Jumatatu saa kumi na mbili na nusu. Leo amefua sketi, iko kwenye kamba.