Naomba ushauri: shanga zinamwagika kila nikifunga fundo

Wakuu, naombeni msaada. Kwenye somo la sanaa tunatengeneza bangili za shanga, zile ndogo kama za Wamasai. Kutunga naweza, tena nakaa saa nzima bila kuchoka. Nyekundu, nyeupe na buluu zinapangika vizuri. Shida ni mwisho. Natumia mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni. Nikifunga fundo linateleza lenyewe, shanga zote chini ya dawati. Juzi nimeziokota kwa magoti wenzangu wanacheka. Nikajaribu kuunguza ncha kwa kiberiti, ukakatika kabisa. Sasa mwalimu anataka tueleze kwa maandishi tulivyotengeneza; mimi niandike nini, kuokota? Nihamie kwenye waya, au kuna fundo lisiloteleza? Kazi inakusanywa Ijumaa.