Naondoaje sirializesheni ya Java kwenye maktaba ya RPC bila kuwaangusha wanaoitumia?

Fundi_Korogwe

Wakuu, salaam. Hii ni ndefu kidogo, nivumilieni.

Mwaka wa tatu huu naitunza maktaba ndogo ya RPC ya Java, yaani ya kuita methodi iliyo kwenye mashine nyingine. Ni programu huria, leseni ya Apache 2.0. Sikuianzisha mimi. Aliyeianzisha tulikuwa naye kazini hapa Dar. Alipopata kazi nje ya nchi akanikabidhi hazina ya msimbo pamoja na ufunguo wa kutia saini matoleo, akaniambia nisiiache ife. Naifanyia kazi usiku watoto wakishalala, na Jumamosi asubuhi.

Inachofanya ni rahisi kueleza. Programu iliyo kwenye kompyuta ya ghala Morogoro inaita `punguzaStoo(bidhaa, idadi)` kana kwamba methodi iko palepale, kumbe inaendeshwa kwenye seva ya Dar. Unaandika kiolesura cha Java, maktaba inakutengenezea proksi, basi. Hakuna faili la pembeni la kuelezea ujumbe, hakuna hatua ya kuzalisha msimbo. Ndicho watu walichokipendea. Ukiacha ofisi yetu, nawajua watumiaji wengine kumi na mmoja kwa sababu waliwahi kuniandikia. Waliobaki siwajui, na hao ndio wanaonikosesha usingizi.

Tatizo liko chini kabisa: maktaba inatuma vitu vya Java kwa `ObjectOutputStream` na kuvipokea kwa `ObjectInputStream`. Ndiyo sirializesheni: kitu kinageuzwa baiti, upande wa pili kinajengwa upya. Ilipoandikwa lilikuwa jambo la kawaida, hata RMI, njia ya Java yenyewe ya kuita methodi za mbali, imekuwa ikifanya hivyo tangu JDK 1.1 ya mwaka 1997. Lakini Novemba 2015 tuliona wote. Ukiwa na toleo la wakati ule la Commons Collections, maktaba ya Java iliyoenea sana, kwenye programu yako, na una mlango unaopokea vitu vya Java, mtu anayejua kupanga baiti anaweza kuendesha amri anayotaka kwenye seva yako. Kwenye maktaba yangu hahitaji hata nywila, kwa sababu nywila yenyewe inakuja ndani ya kitu cha Java, na kitu hicho kinajengwa kabla msimbo wangu haujapata nafasi ya kumuuliza yeye ni nani.

Nataka kuitoa. Ninachoogopa ni kurudia nililofanya mwaka jana. Kwenye toleo la 4.2 nilikuta methodi `void funga()`, nikaona afadhali irudishe `boolean` ili mtu ajue kama muunganisho umefungwa salama. Neno moja tu nilibadilisha. Nikakompaili, majaribio yote yakapita, nikatoa toleo. Siku ya pili jamaa mmoja akaniandikia kwamba mfumo wake unaanguka kila unapozimwa: `NoSuchMethodError`. Hakuwa amegusa msimbo wake, alibadilisha faili la JAR peke yake. Baitikodi yake, yaani msimbo uliokwisha kukompailiwa, ilikuwa inatafuta `funga()V` (isiyorudisha kitu), kwangu ikakuta `funga()Z` (inayorudisha `boolean`), na kwa JVM hizo ni methodi mbili tofauti kwa sababu aina ya kinachorudishwa ni sehemu ya utambulisho wa methodi. Maven Central nayo, ghala la mtandaoni la maktaba za Java, ukishapakia toleo, halifutwi wala halibadilishwi. Nilitoa 4.2.1 usiku uleule, lakini 4.2 ipo pale mpaka leo na kila nikiiona naumia.

Kwa hiyo naomba ushauri: nibadilishe namna ya kutuma ujumbe kwa mpigo mmoja kwenye 5.0, au kuna njia ya kwenda polepole? Na la pembeni: miito midogo kati ya mashine mbili za Linux inachukua kama milisekunde 40, wakati `ping` kati yao haifiki hata moja. Nimetafuta kwenye msimbo wangu wote kama kuna mahali panasubiri, sijapaona.

---

Nyali_Msimbo

Ndugu, mimi ningeifunga hiyo maktaba na kuwaelekeza watu wote gRPC, mfumo wa RPC wa Google. Google waliitoa huria 2015, ina watu wengi wanaoitunza kila siku, na upande wa Java inatembea juu ya Netty, maktaba ya mawasiliano ya mtandao. Mtu mmoja hawezi kushindana na hilo usiku wa manane. Kama utahama, waambie watu mapema mambo mawili: ujumbe unaopokelewa una kikomo cha MiB 4 usipokibadilisha, na wito hauna ukomo wa muda mpaka uuweke mwenyewe. Hilo la pili lilitugharimu wiki nzima huku Mombasa, nyuzi zote zinasubiri jibu ambalo haliji.

---

Fundi_Korogwe

Asante, mkuu. Nimelifikiria hilo, na anayeanza leo namwambia achukue gRPC, nimeandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa maktaba. Shida ni waliopo. Ofisini kwetu tuna violesura zaidi ya sitini, vyote ni Java tupu. Kila kimoja inabidi kiandikiwe faili la `.proto`, lile la kuelezea ujumbe wa gRPC, kila namba ya uga ichaguliwe kwa makini kwa sababu haitakiwi kutumika tena kwa kitu kingine. Mtu aliye peke yake kwenye ofisi yake hataifanya kazi hiyo. Atabaki na toleo la zamani lenye tundu, na mimi nitakuwa nimemwacha hapo.

---

Dada_Baiti

Kaka, usifunge, na usibadilishe kwa mpigo mmoja. Nimepita njia hiyohiyo kwenye mfumo wa ndani wa ofisi niliyokuwa, kwa hiyo nakueleza nilivyofanya.

Kwanza ziba tundu wiki hii, kabla hujagusa umbo la ujumbe. Tangu JDK 9 ya mwaka 2017 kuna kichujio, `ObjectInputFilter`, na kilirudishwa mpaka kwenye Java 8, kuanzia 8u121. Angalia tu kwamba kwenye Java 8 klasi yenyewe inakaa `sun.misc`, siyo `java.io`, lakini ukitumia sifa ya mfumo `jdk.serialFilter` inafanya kazi kote kuwili. Orodhesha klasi unazoziruhusu moja moja, malizia na `!*` kukataa zilizobaki, na weka `maxdepth` pia. Usijaribu kuorodhesha klasi mbaya. Klasi mbaya zinagunduliwa kila mwaka, nzuri unazijua leo. Hili unaweza kulitoa kama 4.3 bila kubadilisha saini ya methodi hata moja.

Pili, umbo jipya. Hapa una bahati ambayo huenda hujaiona: mkondo wa sirializesheni ya Java siku zote unaanza na baiti nne zilezile, AC ED 00 05. Kwa hiyo seva yako ikipokea muunganisho ichungulie baiti mbili za mwanzo kwa `PushbackInputStream`. Zikiwa AC ED, huyo ni mteja wa zamani, mrudishie baiti zake na umhudumie kwa njia ya zamani, nyuma ya kichujio. Zikiwa kitu kingine ulichokichagua, ni mteja mpya. Mlango mmoja, namba ileile, na mwenye ghala Morogoro hajui kama kuna kilichobadilika. Sharti ni kwamba mteja wa zamani awe anafungua `ObjectOutputStream` kwanza na kuisukuma. Akianza na `ObjectInputStream` atakaa anasubiri kichwa kutoka kwako, wewe unasubiri baiti zake, mtatazamana mpaka asubuhi. Kakague hilo kwenye matoleo yote ya nyuma, siyo la mwisho tu.

Kuhusu cha kuweka mahali pa sirializesheni: CBOR, umbo la data la baiti linalofanana na JSON, kupitia maktaba ya Jackson ingekutosha, na watumiaji wako wanabaki na violesura vyao vya Java. Lakini nakuomba sana, aina ya kitu iamuliwe na saini ya methodi kwenye kiolesura, isiamuliwe na jina la klasi lililoingia na ujumbe. Jackson ukiiwashia ile hali ya kupokea majina ya klasi kutoka nje, unarudi kwenye shimo lile la 2015. Tundu la usalama lililosajiliwa kama CVE-2017-7525 lilitokana na hilo.

Tatu, lile la `funga()`. Weka zana ya japicmp au Revapi kwenye ujenzi wako ilinganishe kila JAR na toleo lililotangulia, na ujenzi ukatae pakivunjika kitu. Majaribio yako yalipita kwa sababu yalikompailiwa upya pamoja na badiliko. Kinachohitajika ni kitu kinachotazama baitikodi. Sura ya 13 ya maelezo rasmi ya lugha ya Java yote inahusu jambo hili, isome mara moja na utulivu. Na ukitaka `boolean`, ongeza methodi mpya yenye jina lingine, ile ya zamani iache ilivyo.

Milisekunde 40: nakisia bila kuona msimbo kwamba unaandika kichwa cha ujumbe kwanza, halafu mwili, kwa maandiko mawili tofauti kwenye soketi. Sivyo?

---

Fundi_Korogwe

Ndivyo! Kichwa baiti 12, kisha mwili. Umejuaje?

---

Dada_Baiti

Ni namba 40. Kanuni ya Nagle ya mwaka 1984 inashikilia pakiti ndogo ya pili mpaka ya kwanza ithibitishwe kupokelewa. Upande wa pili Linux nayo inachelewesha uthibitisho, kwa kawaida milisekunde 40, ikitumaini kuutuma pamoja na jibu. Jibu haliwezi kutoka kwa sababu mwili bado haujafika. Kila mmoja anamngoja mwenzake, kwa nia njema kabisa. Weka `setTcpNoDelay(true)`, lakini la muhimu zaidi kusanya kichwa na mwili kwenye bafa moja na usukume mara moja. Ukifanya la kwanza tu, unatuma pakiti mbili pasipo haja.

---

Mzee_wa_Foleni

Nami niongeze moja. Kwa kuwa unaandika kichwa kipya, weka humo namba ya utambulisho wa wito na muda uliobaki kabla mteja hajakata tamaa. Usiseme utaongeza baadaye. Tuliwahi kuwa na maktaba inayorudia wito yenyewe muda ukipita. Seva ilikuwa imeshafanya kazi, jibu ndilo lililopotea njiani. Mteja akarudia. Mifuko 50 ya saruji ikapunguzwa mara mbili, na mtunza stoo akawekwa kikao kueleza mifuko ambayo hakuiiba. Bila namba ya wito seva haiwezi kujua kwamba ombi hili ni lile la awali. Na kurudia kusiwe jambo la maktaba kuamua. Mwenye kiolesura aitie alama methodi inayoweza kurudiwa bila madhara. `somaSalio` rudia utakavyo, `punguzaStoo` hapana.

---

Fundi_Korogwe

Mzee, shikamoo. Maktaba yangu inarudia yenyewe. Mara tatu. Nimekwenda kuangalia baada ya kusoma ulichoandika, na nimekaa kimya muda mrefu. Tangu jana usiku imezimwa kwenye tawi kuu, na nimewaandikia wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kuwaeleza wakague kumbukumbu zao.

---

Fundi_Korogwe (wiki saba baadaye)

Nimerudi kutoa taarifa, maana mlinipa muda wenu.

4.3 ilitoka na kichujio. Mtumiaji mmoja alikwama kwa sababu alikuwa anatuma klasi yake iliyorithi `ArrayList`, tukaiongeza kwenye orodha yake, yakaisha. Bafa moja nayo imeingia: wito mdogo kati ya zile mashine mbili sasa hauzidi milisekunde 1. Nililiona hilo saa sita usiku nikamwamsha mke wangu kumwonyesha.

4.4 inachungulia baiti mbili kama dada alivyoelekeza. Kichwa kipya kina namba ya wito na muda uliobaki. Nilikagua matoleo ya nyuma, na kweli 3.1 ilikuwa inafungua `ObjectInputStream` kwanza. Hilo nimeliandika wazi kwamba litapitia mlango wa pembeni, namba nyingine. japicmp imeshanikatalia mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa sahihi.

Kila AC ED inayoingia kwenye seva yetu naiandika kwenye kumbukumbu pamoja na anwani ilikotoka. Mwanzo zilikuwa mashine ishirini na sita. Jana zimebaki tatu. Mbili nazijua, zinabadilishwa Jumatatu. Ya tatu inatoka ghala la Tabora, kila siku saa mbili kasoro asubuhi, na ofisini hakuna anayekumbuka kama kuna kompyuta kule. Nimepata namba ya mlinzi. Amesema ipo, iko chini ya meza, imefunikwa gunia ili vumbi lisiingie, na yeye ndiye huiwasha.