Tupeane uzoefu: kuhama tena ili kurudi karibu na nyumbani

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa muda wa miaka miwili sasa. Mimi ninaishi upande mmoja wa nchi na wazazi wangu wako upande wa pili kabisa, mwendo wa siku mbili kwa barabara. Nilikuja huku kikazi nikiwa kijana asiye na familia, nikajiambia kwamba nitakaa miaka mitatu kisha nirudi. Huu ni mwaka wa 12, nina mke ambaye kwao ni hukuhuku na watoto wawili ambao kwao, ukiwauliza, ni hapa.

Kila nikimpigia baba hunijibu kwamba wao ni wazima, na sauti yake kwa kweli ni ya mtu mzima. Likizo iliyopita nilimwona akiteremka ngazi tatu za kibaraza kwa kuegemea ukuta, mguu mmoja ukitangulia na wa pili ukiufuata palepale, mithili ya mtoto anayejifunza kutembea. Jambo hilo hajawahi kulitaja katika simu. Usiku ule nikafanya hesabu ambayo nadhani ilikuwa heri nisiifanye: baba ana miaka 74, mimi huenda mara moja kwa mwaka na kukaa naye siku 10, kwa hiyo hata akijaaliwa miaka 10 mingine tumebakiwa na siku 100 za kuonana, ambazo hazifiki miezi minne.

Sitaki tubishane kama kurudi ni vyema au si vyema. Naomba waliorudi watusimulie walichokikuta, na walioamua kubaki watueleze wanaishije na uamuzi huo.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nilirudi miaka sita iliyopita, na nitasema lile ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijafunga mizigo: nyumbani hawakuwa wamekaa wakinisubiri. Walikuwa wakiishi. Mdogo wangu wa kike alikuwa amemuuguza mama kwa miaka minne, akazijua dawa zake, hasira zake, na saa ambayo maumivu ya magoti huanza. Mimi nikafika na ari ya mtu aliyekuja kuokoa. Nikabadilisha saa za dawa, nikapanga upya kabati la jikoni, nikaanza kujibu simu za mama kwa niaba yake. Siku ya tisa mdogo wangu, huku akikunja nguo wala hakuninyanyulia macho, akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Dada, wakati ule mama alipokuwa hawezi kunyanyuka, hizo dawa alikuwa anapewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujifunza kuwa msaidizi katika nyumba ambayo mimi ni kifungua mimba wake, na katika mwaka huo nililia zaidi ya nilivyolia nikiwa mbali. Hata hivyo sijuti. Siku hizi mdogo wangu husafiri wikiendi moja kila mwezi na kuzima simu yake, jambo ambalo kwa miaka minne hakuweza kulifanya, na nikipima faida ya kurudi kwangu naipima kwa wikiendi hizo kwanza. Nenda, kaka, lakini kabla hujaenda muulize aliyebaki anahitaji nini.

Mchangiaji wa pili

Ninafundisha saikolojia, na mwenyewe nimehama nchi nzima mara mbili, kwenda na kurudi, hivyo naomba mnivumilie nichanganye darasa na maisha. Hali hii ya kutamani kwenu hadi mwili ukaumwa iliwahi kuhesabiwa kuwa ugonjwa kamili. Mwaka 1688 mwanafunzi wa utabibu aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu juu yake huko Basel, Uswisi, akaubunia jina la nostalgia kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurejea nyumbani na la maumivu. Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza yumo kijana wa Bern aliyekuwa akisoma Basel, ambaye hali yake ilikuwa mbaya sana, lakini alianza kupata nafuu akiwa bado njiani kurudishwa kwao. Nilipokuwa kijana nilikiona kisa hicho kuwa kichekesho. Sasa nadhani Hofer aliona jambo la kweli, kwamba mara nyingi kinachotuponya ni kule kujua kwamba njia ya kurudi iko wazi, hata kabla ya kuona paa la nyumba.

Ila usidhani kwamba kurudi hakuna gharama kwa sababu tu unarudi unakokupenda. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe walichapisha orodha ya mabadiliko 43 ya maisha na kuyapa alama kwa kadiri yanavyomlemea mtu, ambapo kufiwa na mwenzi wa ndoa ndiko kulikopewa alama 100. Kuhama makazi kulipewa 20 tu, na mtu anaweza kuona kuwa ni jambo dogo. Lakini mwaka niliorudi nilibadilisha pia aina ya kazi, nayo ina alama 36, hali yangu ya fedha ikabadilika, nayo ina 38, na mazingira ya kuishi yakabadilika, nayo ina 25. Jumla ni 119. Sisemi kwamba kuhama ni msiba, ila nasema kwamba niliugua mara tatu mwaka ule, nikashangaa kwa nini, nami ndiye ninayefundisha orodha hiyo kila muhula.

Mchangiaji wa tatu

Kisa changu kinafanana na chako hadi kwa mke, kwa hiyo nitakieleza kwa kirefu.

Nilimwambia mwenzangu kwamba nataka turudi kwetu, naye akaniuliza swali moja tu: "Na wazazi wangu mimi nimwachie nani?" Tukanuniana wiki mbili. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba nilikuwa namwomba aubebe uzito uleule ambao mimi ulikuwa umenishinda. Tulipoanza kuzungumza tena tuliacha neno kurudi, kwa sababu neno hilo lilikuwa langu peke yangu; kwake yeye kule si kurudi bali ni kuhama. Tukachukua karatasi, kila mmoja akaandika ni kitu gani hasa anachokiogopa. Mimi niliandika kwamba naogopa kuitwa usiku na nikafika baada ya kila kitu kwisha. Yeye akaandika kwamba anaogopa kuwa mgeni maisha yake yote. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika jina la mahali.

Baada ya hapo jambo likawa la ramani na saa. Tulitafuta mji ulio katikati, ambao kutoka hapo kila upande ungefikika ndani ya siku moja bila kulala njiani, na ambao kazi zetu zipo. Ilituchukua miezi 14 kupata nafasi mbili za kazi mahali pamoja. Tuna mwaka wa tano huko sasa. Nimewahi kuitwa usiku, simu ikalia saa mbili, na kabla ya alfajiri nilikuwa nimeketi pembeni ya kitanda cha mama, ambaye aliniuliza tu kama nimekula.

Ubaya wake sitauficha: tunapoishi si kwao wala si kwetu, na katika sherehe zote mbili sisi ndio wageni wanaoondoka mapema. Ila mke wangu na mimi tuko sawa katika hilo, na nadhani usawa huo ndio uliotuweka pamoja.

Mchangiaji wa nne

Naomba niseme upande wa pili kwa ufupi. Wako watu ambao umbali ndio uliowaokoa. Nimerushiwa methali ya "mkataa kwao mtumwa" na ndugu wasiojua kwamba huko kwetu ndiko nilikotumikishwa. Mimi pia huota njia ya kwetu, na nikiamka hushukuru kwamba ilikuwa ndoto. Anayesoma hapa na hatamani kurudi asijione ana kasoro.

Mchangiaji wa tano

Niliomba uhamisho mara tatu kwa muda wa miaka mitano. Mara ya kwanza sikujibiwa, mara ya pili niliambiwa nisubiri apatikane wa kushika nafasi yangu, na mara ya tatu nilikubaliwa. Barua ilinifikia siku 40 baada ya kumzika mama. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, ina mistari minne na muhuri, na katika sehemu ya sababu walikuwa wameandika nilichowaandikia mimi: kumhudumia mzazi.

Wengi walidhani nitaikataa, lakini nilihama. Sikuwa na la kuhudumia tena, ila niliona nikibaki nitaichukia kazi yangu kila asubuhi. Ninaishi katika nyumba yake, na majirani waliomjua huniletea habari zake ambazo sikuwahi kuzisikia, kwamba alikuwa akiimba kwa sauti akiwa peke yake, kwamba aliwahi kumfukuza mwizi kwa fagio. Najua ni kidogo. Mleta mada, ile hesabu yako ya siku 100 usijilaumu kwa kuifanya. Mimi sikuifanya kabisa.

Mleta mada

Nimewasoma nyote, baadhi yenu mara mbili. Mke wangu nimempa simu asome mchango wa tatu, akausoma bila kusema neno, kisha akaenda kuleta karatasi. Hatujaamua, na sidhani kama tutaamua mwaka huu.

Jana jioni nilimpigia mdogo wangu anayeishi na wazazi. Badala ya kumuuliza baba anaendeleaje, nilimwomba anieleze siku ya baba inavyokwenda tangu anapoamka hadi anapolala. Alizungumza dakika 50, nami sikumkatiza. Kumbe zile ngazi tatu za kibaraza alikwisha kuziwekea chuma cha kushikia tangu mwezi uliopita, na baba amekataa kukishika wakati watu wakimtazama.